Wazazi waliowapumulia watoto wao

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mzazi aliyeambiwa kuwa mwanawe ana tundu katika ukuta wa vyumba vya chini vya moyo hakuwa na pa kukimbilia. Daktari aliweza kulitambua tundu hilo, asiweze kuliziba.

Dokta C. Walton Lillehei na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Minnesota mjini Minneapolis, Marekani, walitafakari juu ya mimba. Mama humpumulia mtoto aliye tumboni. Basi mzazi ashindweje kumpumulia aliyekwisha kuzaliwa?

Tarehe 26 Machi 1954, baba alilazwa kando ya mwanawe wa umri wa mwaka mmoja na mwezi. Mirija iliunganisha mishipa yao, na pampu ya aina iliyotumika kusukuma maziwa viwandani ikaipeleka damu ya mtoto kwa baba, ikapate hewa safi mapafuni mwake, kisha ikairudisha. Moyo ukafunguliwa, tundu likashonwa. Siku 11 baadaye mtoto alifariki kwa homa ya mapafu.

Wakosoaji walionya, na hawakukosea, kwamba upasuaji huo ungeweza kuua wawili kwa mpigo mmoja. Wazazi hawakuacha kuja. Kati ya wagonjwa 45, 28 walitoka hospitali wakiwa hai. Hakuna mtoaji aliyefariki, ila mama mmoja aliingiwa na hewa mishipani, ubongo wake ukadhurika.

Mwaka 1955 Dokta Richard DeWall, msaidizi wa Lillehei, aliunda chombo rahisi cha mirija ya plastiki kilichotia oksijeni katika damu, na wazazi wakarejea kungoja nje ya mlango.