Kadi na Karatasi: Ndugu Waliopoteana

Mwanafunzi wa Bweyeye, kule Rusizi kando ya msitu wa Nyungwe, hasumbuliwi na neno "kadi". Kinyarwanda chake kina "ikarita", kutoka "carte" ya Kifaransa. Wapo lakini wanaotaka "kadi" litupwe kwa kuwa limetoka Uingereza. Hatukubaliani nao.

Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilichapwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, nakala 1,000 hivi, zikatiwa rangi kwa mkono. Kigali, kuanzia 2004, Cards from Africa iliwafundisha vijana yatima wenye kulea wadogo zao kugeuza karatasi kuukuu za ofisini kuwa karatasi mpya, kisha kuzikata na kuzibandika tabaka juu ya tabaka ziwe kadi za salamu.

Neno nalo liligeuzwa vivyo hivyo. Wagiriki walisema "khartes". Waarabu wakapata "qirtas", nasi tukapata "karatasi". Warumi wakasema "charta", ikazaa "carte", "card", na mwishowe "kadi". Hata muhuri unaogongwa juu yake, na rangi yenyewe, asili yake ni Kiajemi.

Anayeitupa kadi aitupe na karatasi. Pingamizi lake ataliandika wapi?