Masafa na Mwanga: Historia ya Kumpiga Picha Ndege, kutoka Kilimanjaro hadi Ufuo wa Mweru

Historia ya upigaji picha wa ndege wa porini katika Afrika ya Mashariki na ya Kati inaweza kusomwa kama historia ya deni moja ambalo kila kizazi cha wapiga picha kimelazimika kulilipa upya, nalo ni deni la mwanga. Kila mpiga picha alipopata chombo cha kumwonyesha ndege kwa ukubwa zaidi bila kumsogelea, chombo hicho kilimpunguzia mwanga unaoifikia sahani, filamu au kihisio cha kamera, na mwanga ulipopungua ilibidi ama muda wa kupiga picha urefushwe, ama lenzi itengenezwe kwa tundu kubwa zaidi. Telekonveta, yaani kipande kidogo chenye lenzi ndani yake kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ya masafa marefu ili kuikuza taswira, ndiyo inayoiweka hesabu hiyo waziwazi kuliko chombo kingine chochote, na ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika nchi ya Nchelenge na Kabuta, ni mahali panapofaa kuipimia.

Ziwa Mweru limo mpakani mwa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na lina eneo la takriban kilomita za mraba 5,100. Mto Luapula, unaotoka katika mabwawa ya Bangweulu, huingia ziwani kwa upande wa kusini kupitia mabwawa mapana ya mafunjo, na maji hutoka kaskazini kwa jina la Luvua, yakielekea Mto Kongo. Wafanyabiashara wa Kiswahili waliifahamu nchi hii kabla ya wasafiri wa Ulaya kuiandika kwa urefu: David Livingstone alipofika Mweru mnamo Novemba 1867, kisha akaingia katika mji wa Mwata Kazembe, alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi kwa Kazembe miaka mingi. Tangu zamani hizo riziki ya ufuo imekuwa samaki, na hata leo dagaa wadogo waitwao chisense huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Ufuo wenye samaki ni ufuo wenye ndege, na furukombe, mnandi, mdiria na yangeyange wanaishi humo pamoja na mvuvi, kila mmoja akilinda umbali wake.

Umbali huo ndio uliokuwa kizuizi cha kwanza cha elimu ya ndege, na kwa muda mrefu ulivukwa kwa bunduki. Mtaalamu aliyetaka kuthibitisha kwamba ndege fulani yupo mahali fulani alimuua, akamchuna, akaijaza ngozi pamba, akaifungia kibandiko chenye tarehe na jina la mahali, kisha akaipeleka makumbusho. Orodha ya ndege wa Rhodesia ya Kaskazini iliyotolewa mwaka 1957 na C. W. Benson na C. M. N. White, ambayo ni msingi wa maarifa ya ndege wa Zambia ya leo, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya ngozi za namna hiyo. Upande wa pili wa mpaka, ndivyo pia sayansi ilivyompokea kwera wa Katanga, ndege wa manjano mwenye uso mweusi anayeishi katika maeneo ya majimaji ya Katanga na bonde la Luapula, ambaye maelezo yake yalichapishwa na Verheyen mwaka 1947. Kamera haikuweza kushika nafasi ya bunduki mpaka ilipoweza kuonyesha, kutoka mbali, mambo yaleyale ambayo ngozi iliyaonyesha mezani.

Njia ya kufikia uwezo huo ilianza katika darubini. Katika miaka ya 1830 mwanahisabati wa Uingereza, Peter Barlow, alibuni lenzi ya kutawanya miale, ambayo vitabu vya fizikia huiita lenzi mbonyeo, ya kuwekwa ndani ya darubini kabla ya miale kukutana, ili miale hiyo ikutane mbele zaidi na taswira iwe kubwa zaidi. Mwaka 1891 wataalamu watatu wa vioo waliofanya kazi kila mmoja peke yake, Thomas Rudolphus Dallmeyer huko London, na Adolf Miethe na Adolf Steinheil huko Ujerumani, walileta kanuni hiyohiyo katika kamera. Lenzi za kwanza za masafa marefu hazikuwa chombo kimoja kilichokamilika, bali lenzi ya kawaida iliyoongezewa nyuma yake fungu la kutawanya miale, hivyo kwamba mpiga picha aliweza kubadilisha ukuzaji kwa kusogeza mafungu hayo mawili. Kwa maneno mengine, wazo la telekonveta lilitangulia lenzi ya masafa marefu ya umbo moja, ambayo ilikuja baadaye, na kile ambacho wapiga picha wa nusu ya pili ya karne ya 20 walikipokea kama kitu kipya kilikuwa ni kurudi kwa chombo cha mwanzo katika hali bora zaidi.

Matumizi mashuhuri ya kwanza ya vyombo hivyo katika Afrika ya Mashariki yalikuwa ya Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyefanya safari kadhaa katika koloni la Kijerumani, hasa katika nchi za kuzunguka Kilimanjaro na nyika ya Wamasai, na ambaye kitabu chake kilichochapishwa Leipzig mwaka 1905 kiliwaonyesha wasomaji wa Ulaya wanyama na ndege wakiwa hai katika mahali pao. Usiku alitumia mwako wa unga wa magnesi, na mchana kamera ya masafa marefu yenye sahani za vioo. Ugumu wa kazi yake unaeleweka kwa hesabu: fungu la nyuma linapoikuza taswira mara mbili, mwanga uliokuwa ukiangukia eneo moja husambaa kwenye maeneo manne, likiikuza mara tatu, husambaa kwenye maeneo tisa. Kwa sahani za wakati huo, ambazo zilikuwa nzito kushika mwanga, ndege aliyetulia aliweza kupatikana, lakini aliyegeuza shingo alibaki kivuli kilichofifia. Schillings alikuwa mwindaji na alibeba bunduki pamoja na kamera, lakini baada ya safari zake alisimama kwao kupinga biashara ya manyoya ya ndege kwa mapambo ya kofia, na inastahili kukumbukwa kwamba miongoni mwa watetezi wa mapema wa ndege alikuwamo mtu aliyejifunza thamani yao nyuma ya lenzi ya masafa marefu.

Wengine walichagua kutolilipa deni la mwanga, wakajaribu kuufuta umbali wenyewe. Mwingereza Cherry Kearton, ambaye pamoja na kaka yake Richard alikuwa amezoea kujificha karibu na viota huko kwao, alifika Kenya ya leo mwaka 1909, na Msweden Bengt Berg alikwenda Sudan kumtafuta yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana ulio mfano wa kiatu, akaandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1924. Ndege huyo anaishi pia Bangweulu, katika mabwawa yanayoulisha Mto Luapula. Kibanda cha kujificha na uvumilivu wa siku nyingi vilileta picha nzuri, kwa kuwa lenzi fupi yenye tundu kubwa iliruhusu muda mfupi wa kupigia, lakini njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili: iliwezekana tu pale ambapo ndege alikuwa na mahali pa kurudia, kama vile kiota, na ilimweka binadamu karibu na mayai na makinda, ambako kosa dogo lingeweza kumfanya mzazi akihame kiota.

Mipaka ya kusogea ilionekana kwa ukali katika Ziwa Natron. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya na mtaalamu wa ndege, aligundua kwamba heroe wadogo walikuwa wakizaliana humo, akajaribu kuwafikia kwa miguu kupitia matope ya magadi, na magadi hayo yakamuunguza miguu vibaya kiasi cha kulazwa hospitali. Alisimulia mambo hayo katika kitabu chake juu ya heroe kilichotoka mwaka 1959. Tukio hilo lilithibitisha kwamba katika maziwa ya Afrika kuna ndege ambao umbali wao hauvukiki kwa ushujaa, na kwamba jibu lilipaswa kutoka kwa watengenezaji wa vioo.

Jibu hilo lilikuja katika miaka ya 1960 na 1970, wakati kamera zenye kioo cha kuakisi na lenzi za kubadilisha zilipoenea, na telekonveta nazo zikaanza kuuzwa kwa wingi. Telekonveta za awali zilipata sifa mbaya, na sababu yake ilikuwa wazi, kwa kuwa chombo hicho hukuza sehemu ya katikati ya taswira pamoja na kasoro zote zilizomo, hasa zile rangi za pembeni zinazotokea lenzi inaposhindwa kukutanisha rangi zote za mwanga mahali pamoja. Lenzi dhaifu iliyofungiwa telekonveta ilitoa udhaifu uliokuzwa. Mwaka 1969 kampuni ya Canon ilitoa lenzi ya milimita 300 iliyotumia fuwele za florite zilizotengenezwa kiwandani, ambazo hupunguza sana kasoro hiyo ya rangi, na mwaka 1975 ikatoa lenzi nyingine ya milimita 300 yenye florite na tundu la f/2.8. Hapo ndipo lenzi kali yenye tundu kubwa na telekonveta vilipofaana kikamilifu.

Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu, na kwa hiyo lenzi ya milimita 300 yenye f/2.8 ina tundu la takriban milimita 107. Ikifungiwa telekonveta ya mara mbili, tundu hubaki lilelile lakini urefu wa fokasi huwa milimita 600, na namba ya f huwa 5.6: mwanga uleule umetandazwa kwenye eneo kubwa mara nne, kama samli ileile inapopakwa kwenye chapati kubwa mara nne. Telekonveta ya mara 1.4 hutoa milimita 420 kwa f/4, na hasara yake ni nusu ya mwanga tu. Katika miaka hiyo wapiga picha wengi wa ndege walitumia filamu ya rangi ya Kodachrome 64, ambayo chini ya jua kali ilihitaji takriban sehemu moja ya 60 ya sekunde kwa f/16. Kwa f/5.6 mtu aliweza kupiga kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, muda unaotosha kumshika furukombe anapopaa kwa utulivu. Lakini lenzi ya milimita 300 yenye f/5.6 ikifungiwa telekonveta hiyohiyo huwa f/11, na muda huwa sehemu moja ya 125, ambapo hata mtikisiko wa mkono huiharibu picha. Tundu kubwa la mwanzo, kwa hiyo, lilikuwa akiba iliyotengwa kwa ajili ya deni litakalokuja.

Kujifokasi kwa kamera, ambako kulienea baada ya mwaka 1985, kuliongeza sharti jipya kwenye deni hilohilo, kwani mifumo mingi ilishindwa kufanya kazi namba ya f ilipozidi 5.6. Mwenye lenzi ya f/4 alizuiwa kutumia telekonveta ya mara mbili pasipo kufokasi kwa mkono, ilhali mwenye f/2.8 hakuzuiwa. Kizuizi hicho kililegezwa kidogo kidogo: Canon EOS-3 ya mwaka 1998 iliweza kufokasi hadi f/8 kwa nukta ya katikati, na kamera zisizo na kioo za mwaka 2020 na kuendelea zimekwenda mbali zaidi ya hapo. Wakati huohuo telekonveta yenyewe iliingizwa ndani ya lenzi na kuwekewa kitasa cha kuipandisha au kuiondoa, kwanza katika lenzi ya Canon ya milimita 200 hadi 400 iliyotoka mwaka 2013, kisha katika lenzi kadhaa za Nikon. Maendeleo yote hayo hayakulifuta deni; yalimwezesha mpiga picha kuamua, katika sekunde moja, kama hali ya mwanga inamruhusu kukopa.

Uamuzi huo una sura yake katika ufuo wa Nchelenge na Kabuta, ambao unatazama magharibi. Asubuhi jua huchomoza nyuma ya mtu aliyesimama nchi kavu na kumwangaza ndege aliye majini, hewa bado ina ubaridi, na hapo telekonveta hutoa faida yake yote. Jua linapopanda, hewa iliyo juu ya mchanga na maji hupata joto na kuchezacheza, na lenzi ndefu hukuza mchezo huo wa hewa pamoja na ndege, hata picha ikakosa ncha ingawa mwanga ni mwingi na fokasi ni sahihi. Hapo ni bora kuiondoa telekonveta, au kungoja. Alasiri jua huingia upande wa ziwa na kumfanya ndege awe kivuli. Katika mtumbwi au boti, ambako stendi ya miguu mitatu haisaidii kwa kuwa chombo chenyewe kinayumba, muda mfupi wa kupigia una thamani kuliko ukuzaji, na telekonveta ya mara 1.4 mara nyingi hufaa kuliko ya mara mbili.

Uzito wa jambo hili kwa elimu ya ndege unaonekana wazi kwa kwera. Madume ya jamii kadhaa za kwera wenye uso mweusi hufanana kwa mbali, na hutofautishwa kwa rangi ya jicho, rangi ya miguu, na mahali ambapo weusi wa uso unakomea kichwani. Picha ya ndege wa manjano juu ya mafunjo haithibitishi chochote. Picha inayoonyesha jicho na mpaka wa weusi, iliyopigwa kutoka mbali ya kutosha kwa ndege kuendelea kusuka kiota chake, ni ushahidi ambao hapo zamani ulihitaji ndege afe. Hifadhi za kumbukumbu kama eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002, hupokea picha za namna hiyo pamoja na tarehe na mahali, yaani maelezo yaleyale yaliyokuwa yakiandikwa kwenye kibandiko cha ngozi.

Kwa mtazamo huo, kuupima mwanga kabla ya kuchagua masafa si ufundi wa starehe tu. Mtu wa Nchelenge anayejifunza lenzi yake inabeba mwanga kiasi gani, telekonveta inauchukua kiasi gani, na saa gani ziwa lake linamruhusu kulipa, anaweza kuandika habari za ndege wa Mweru kwa usahihi ambao wataalamu wa 1957 waliupata kwa risasi, na kila ndege aliyemwandika ataendelea kuwapo kwa ajili ya atakayekuja kuhakiki.