Siwa Moja, na Pembe Nyingi Zilizotupita

Jumamosi iliyopita ilipita harusi mtaani kwetu Mabawa. Tarumbeta mbele, akina mama na kanga zao nyuma, watoto wakikimbia pembeni na vumbi lao. Mzee mmoja tuliyekaa naye barazani akatikisa kichwa: "Harusi ya mwungwana zamani haikupigiwa bati. Ilipigiwa siwa." Kijana anayetuuzia kahawa akauliza siwa ni kitu gani. Nikaona haya kidogo, maana jibu langu lilikuwa fupi mno. Leo nalirefusha.

Siwa ni baragumu kubwa, nayo hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Zipo zilizotengenezwa kwa mti, ipo ya shaba ya Lamu, na zilikuwako za pembe za ndovu. Aprili 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, mmoja wa watu wake aliandika aliyoyaona mfalme wa mji alipotoka kuwalaki. Kati ya wapigaji wake walikuwamo wenye baragumu mbili za pembe, zimechongwa nakshi, kila moja kimo cha mtu, zikipulizwa ubavuni. Mreno yule alikiri kuwa zililia vizuri, na wale hawakuwa watu wepesi wa kutusifu.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Januari 1499, wakirudi kutoka Uhindi, Da Gama alimwomba yule mfalme wa Malindi pembe ya ndovu ampelekee mfalme wa Ureno. Akapewa. Siku chache baadaye, kwenye miamba ya mbele ya Mtang'ata, hapo Tongoni kwetu, Wareno waliichoma moto merikebu yao wenyewe, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Pembe ile basi ilipita mlangoni petu ikaenda zake.

Na si hiyo peke yake. Al-Masudi aliandika katika karne ya 10 kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Omani, na kutoka huko zikaenda Uhindi na Uchina. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Pangani kwenda bara hadi pande za Kilimanjaro na Umasaini, ikarudi na pembe mabegani mwa wapagazi. Kutoka pwani zilivushwa Unguja, na kutoka Unguja nyingi zilikwenda Marekani, jimbo la Connecticut, ambako mji mmoja uliitwa kabisa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Huko zilikatwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye vidole vya piano. Wahindi nao walizipasua wakafanya bangili za maharusi. Faida ya ufundi ilibaki kwa wenye misumeno. Sisi tulibaki na hesabu ya mizigo, na makaburi ya wapagazi yasiyo na majina.

Ndiyo maana siwa ya Pate inanigusa. Ina urefu unaozidi meta 2, ni ya vipande vya pembe vilivyounganishwa, na wataalamu huikadiria kuwa ya karne ya 17. Masimulizi ya Pate yanasema kulikuwa na mwanamke wa ukoo wa kifalme, Mwana Darini, mjane, aliyetaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara. Akaomba siwa ya shaba, akanyimwa. Bibi huyo hakulia. Alimwita fundi, Mwenye Bayayi, akamwuliza kama aweza kuchonga siwa mfano wa ile. Fundi akasema aweza. Akaletewa pembe, akachagua, akachonga. Siku ya sherehe watu wakaona siwa mpya wasiyoijua, wakaitunza kwa zawadi. Aliyenyimwa heshima aliagiza ya kwake mwenyewe, tena nzuri zaidi.

Wako wengine duniani waliofanya vivyo. Kwenye kisiwa cha St. Lawrence, huko Alaska kwenye bahari ya barafu, zimefukuliwa nakshi za meno ya walrasi, mnyama wa baharini anayefanana na sili mkubwa. Baadhi zina umri unaokaribia miaka 2,000. Wawindaji wale walikula nyama ya mnyama huyo, ngozi yake wakawambia mitumbwi, na jino lake wakalifanya kichwa cha chusa. Wala si chusa kitupu. Walikichora mistari laini ya kuzunguka, ingawa kazi yake ilikuwa kuzama majini mwilini mwa mnyama. Kwao, jino lilichongwa pale pale alipoliwa mwenye jino.

Mtu asinielewe vibaya. Simwambii mtu akatafute pembe. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na bado kati ya mwaka 2009 na 2014 Tanzania ilipoteza zaidi ya nusu ya ndovu wake kwa majangili. Pembe hizo nazo hazikupita kwa fundi yeyote wa huku. Zilifungwa ndani ya makontena zikiwa ghafi, kama zile za Pangani.

Kijana wa kahawa alipokuja tena jioni nilimsimulia haya yote. Akauliza kama naweza kumwonyesha moja hapa Tanga. Nikamwambia avuke Horohoro, apite Mombasa, aende mpaka Makumbusho ya Lamu. Akahesabu nauli kimya kimya, akaosha vikombe vyake.