Ramani za kidijitali darasani: simu moja ya mwalimu inatosha kuanza

Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kukutajia fremu, dira, ufunguo na skeli bila kukosea, na bado asijue kaskazini mwa darasa lake kuna nini. Ramani ya kitabuni ni ya nchi nzima. Ya mtaa wake hajawahi kuiona.

OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Huchorwa na watu wa kawaida: ukifungua akaunti unaweza kuongeza njia, kisima au daraja. Tandale, Dar es Salaam, ilichorwa mwaka 2011 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaendeleza kazi hiyo katika kata zinazokumbwa na mafuriko.

Shule ya msingi haihitaji chumba cha kompyuta. Mwalimu hufungua eneo la shule kwenye simu, kisha hulichapisha steshenari. Kila kundi la watoto watano hupewa nakala moja na penseli, na mwalimu huwatembeza kuzunguka shule. Wanaweka alama ya bomba la maji, duka, mwembe, mfereji, kivuko cha barabara. Wakikuta ramani imekosea, wanaisahihisha, na hilo huwafurahisha kuliko yote.

Wakirudi darasani huja hesabu. Kwenye ramani ya 1:5,000, sentimita 1 ni mita 50. Mfereji ulio sentimita 4 kutoka shuleni uko umbali wa mita 200. Kesho yake wapime kwa hatua. Angalizo: karatasi ikipunguzwa au kukuzwa wakati wa kuchapisha, uwiano huo hubadilika, hivyo tumieni mstari wa skeli uliochorwa kwenye ramani yenyewe.

Swali ambalo mimi nisingeliacha ni hili: mvua kubwa ikinyesha, ni njia ipi ya kurudi nyumbani hupitiwa na maji, na ipi ni salama? Kila mtoto aipitishe kalamu ya rangi njia yake salama.

Masahihisho mwalimu anaweza kuyaingiza mtandaoni jioni. Asiandike majina ya watoto wala nyumba wanazoishi, na asinakili kutoka Google Maps, kwani hairuhusiwi. Asiye na bando la kila siku apakue programu ya Organic Maps na ramani ya eneo lake mara moja. Baada ya hapo hufanya kazi bila intaneti.