Rangi za mabawa ya kipepeo

Rangi za mabawa ya kipepeo zimo katika magamba madogo yaliyopangana kama vigae. Ukimshika kipepeo, magamba hayo hubaki vidoleni kama vumbi. Weusi hutokana na melanini, ilhali buluu nyingi huletwa na jinsi umbo la gamba linavyorudisha mwanga.

Rangi pia huweza kuwa onyo kwa adui. Mwanza yupo *Danaus chrysippus* wa rangi ya chungwa, ambaye mara nyingi ana sumu aliyoila akiwa kiwavi kwenye mimea ya utomvu mweupe. Jike la *Hypolimnas misippus* halina sumu ila humwiga, na hivyo adui hulikwepa. Dume lake ni jeusi, mabaka meupe yamezungukwa na zambarau inayometa.

Ushahidi mzuri kwamba kuiga huku hulinda ulitoka visiwa vya Ziwa Victoria, Uganda. Katika miaka ya 1910, daktari Mwingereza G. D. Hale Carpenter aliona kwamba vipepeo wengine wenye sumu walipopungua, wengi zaidi wa waigaji wao, *Pseudacraea eurytus*, hawakufanana nao sawasawa.