Ushuhuda wa Walio Nje



Mwaka 2017, hapa Goma, mdogo wangu alipewa Daraja Takatifu ya Upadre. Kati ya ndugu waliofika alikuwamo mjomba wetu, Mwislamu, mzaliwa wa Kasongo katika Maniema, mwenye duka dogo la vitambaa kule Birere. Dini yake ni ya siku nyingi katika nchi ile. Ililetwa na misafara ya Waungwana wakati wa Tippu Tip, kabla wamisionari hawajafika. Mama yetu alibatizwa alipoolewa, yeye akabaki katika dini ya baba yao, wala hawakuachana kwa hilo. Tena ndiye aliyelipa karo ya mdogo wangu mwaka ule baba alipolala mgonjwa.

Mlangoni kijana mmoja wa kupanga watu alimwambia avue kofia. Mjomba aliivua, akaikunja, akaitia mfukoni, akaketi nyuma karibu na nguzo. Maandamano yalipoingia aliniinamia sikioni: “Mjomba, na Askofu wenu mbona amevaa yake?” Nilicheka, lakini niliona ameumia. Kwao mtu hufunika kichwa kwa heshima ya Mungu, kwetu mwanamume hukifunua kwa heshima ile ile.

Ibada ikaendelea. Mashemasi wakaitwa kwa majina, kila mmoja akaitika. Askofu akauliza kama wanastahili, akajibiwa kwamba Wakristu wameulizwa na wakubwa wao wametoa ushuhuda. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mjomba hakupiga. Jioni, tulipokuwa tukila, alisema mbele ya wazee: “Mmeuliza kama mtoto huyu anafaa. Mimi nilimshika mkono tangu anajifunza kutembea. Mbona mimi sikuulizwa?”

Sikuwa na jibu. Miaka niliyokaa seminarini nilijifunza ibada hiyo kwa upande wa altare tu, sikuwahi kuitazama toka pale penye nguzo. Basi nikarudi kwenye vitabu.

Na kwanza nikakutana na Mtume Paulo. Katika waraka wake wa kwanza kwa Timoteo, sura ya tatu, anahesabu sifa za mtu anayefaa kuwa askofu. Sifa ya mwisho katika hesabu hiyo ni kwamba awe na jina jema kwa watu walio nje ya Kanisa. Siku zile walio nje walikuwa karibu watu wote wa mji: jirani, mwuza samaki, askari, pengine baba mzazi wa mtu yule.

Hata watu wa nje wenyewe waliona desturi hiyo. Kiko kitabu cha kale cha Warumi kinachosimulia maisha ya makaisari, nacho chasema kwamba Kaisari Aleksanda Severo, aliyetawala toka mwaka 222 hadi 235, alipotaka kuwatuma watawala mikoani aliyatangaza majina yao kwanza, ili mwenye neno juu yao alilete pamoja na ushahidi. Alisema Wakristu na Wayahudi hufanya hivyo kwa makuhani wao, basi ni aibu kutofanya hivyo kwa watu wanaokabidhiwa mali na uhai wa raia. Wataalamu hawakiamini kitabu hicho katika mambo yote. Lakini aliyekiandika hakuwa Mkristu, naye alijua kwamba majina ya mapadre hutangazwa.

Mtaguso wa Trento ukaweka sheria katika karne ya 16 majina yasomwe kanisani kabla ya siku ya Daraja. Na katika ibada ya Kilatini, iliyotumika mpaka Baba Mtakatifu Paulo VI alipoitengeneza upya mwaka 1968, Askofu aliwageukia watu, akawafananisha na abiria wa chombo kimoja na nahodha: chombo kikizama, wote wamezama. Sisi tunaovuka ziwa la Kivu kwenda Bukavu twaelewa vizuri. Kisha akawaambia, mwenye neno juu ya watu hawa atoke mbele bila hofu aseme.

Lakini si haki nikuoneshe upande mmoja tu. Zamani, kabla ya kufika Upadre, mseminari alipita madaraja madogo, na la kwanza lilikuwa la mngoja mlango. Aligusa funguo za kanisa, akaonywa kuwafungulia waamini na kuwafungia wasioamini. Daraja hilo liliondolewa mwaka 1972. Naona yule kijana wa mlangoni alilirithi bila kujua! Ndivyo Kanisa lilivyokuwa na maneno mawili kwa mgeni: moja la kufunga mlango, moja la kutaka ushuhuda wake.

Katika nchi zetu hizi ushuhuda huo ulikuwa na maana kubwa. Stefano Kaoze, Mtabwa, alizaliwa na watu wasiojua Ukristu, akabatizwa ujanani. Tarehe 21 Julai 1917 Monsinyori Roelens alimpa Upadre huko Baudouinville, ambayo leo ni Moba, akawa Padre wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Mwaka ule ule, Agosti, mapadre wa kwanza wazalendo wa Tanganyika walipewa Daraja huko Rubya, na Oktoba wale wa kwanza wa Rwanda huko Kabgayi. Wazee wengi wa nchi hizo walikuwa bado katika dini ya mababu. Kwao mwanamume asiyeoa ni mtu anayekata ukoo. Mkristu angeweza kufundishwa maana yake katika katekismu. Mzee yule alikuwa na kitu kimoja tu cha kusoma, nacho ni maisha ya Padre mwenyewe, mwaka kwa mwaka.

Ndiyo maana nadhani mjomba alikuwa na haki. Tangazo letu husomwa kanisani Jumapili, na Mwislamu hayupo. Je, ingetugharimu nini kumtuma katekista kwa jirani, kwa mwalimu Mprotestanti, kwa mjomba dukani Birere, kuuliza? Siyo kura, kwa maana anayechagua ni Askofu. Ni kuuliza tu, kama Paulo alivyotaka.

Nilimweleza mjomba haya yote nikiwa nimekaa kwenye benchi lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia lililomshika zaidi siku ile ni wale vijana kulala kifudifudi sakafuni wakati wa Litania: sujudu anaijua, lakini hajawahi kuona mtu akilala hivyo kama maiti, na mama yake anatazama.

Kisha nikamwuliza, kwa kuchelewa, kama ana neno juu ya mdogo wangu.

“Ana hasira akiwa na njaa,” alisema. “Mwambieni Askofu. Mengine yote ni mema.”