Mguu Mzima Nao Hudanganya

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti, ile wachezaji huita ACL, ana swali moja tu: nimepona? Historia ya kulijibu ni ndefu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1875, Mgiriki Georges Noulis aliandika tasnifu mjini Paris akieleza jinsi ya kuikagua kano hiyo kwa mikono. Goti likunjwe kidogo, mkono mmoja ushike paja, wa pili uvute muundi mbele. Karne nzima ikapita. Mwaka 1976 Joseph Torg na wenzake kule Philadelphia wakakitangaza kipimo kama hicho kwa jina la John Lachman, na hadi leo madaktari husema Lachman. Noulis maskini!

Shida ni kwamba mkono wa daktari huyu si wa yule. Miaka ya 1980 ikaleta KT-1000, kifaa kinachofungwa mguuni na kupima kwa milimita muundi unavyosogea. Namba ni namba, ama? Lakini mvutaji bado ni binadamu, na mgonjwa akikaza misuli, namba hubadilika. Tena goti lililotulia kitandani halisemi litafanya nini mwenyewe akigeuka ghafla na mpira.

Ndipo vipimo vya kuruka kwa mguu mmoja vikashika. Frank Noyes na wenzake waliviandikia mwaka 1991: ruka kwa mguu ulioumia, ruka kwa ule mzima, linganisha. Vinataka sakafu, futi ya kupimia na saa tu, na ukivirudia kesho unapata karibu namba zilezile. Mimi navipenda kwa hilo. Ila namba inaweza kujirudia vizuri na bado ikakupotosha, maana mguu mzima, ambao ndio rula yenyewe, nao umekaa miezi bila kazi ukadhoofika.

Mwaka 2017, Elizabeth Wellsandt na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wanamichezo 70, miezi sita baada ya upasuaji. Waliofikisha asilimia 90 ya mguu wa pili katika nguvu za paja na miruko yote walikuwa 40. Wote 70 walipolinganishwa na mguu huohuo mzima ulivyopimwa kabla ya upasuaji, waliofikisha walikuwa 20 tu. Kati ya 11 walioumia tena, 8 walikuwa wamefaulu kwa rula ya kawaida.

Juzi kijana wa timu ya mtaani kwetu aliniambia anangoja upasuaji. Nikamuuliza: na huo mwingine wameshaupima?

Akacheka. "Huu si uko sawa?"